Komeo na Muhuri wa Nta

Mdogo wangu anaitwa Komeo. Hilo si jina alilopewa na wazazi, lakini hata mama yetu alimwita hivyo mpaka anafariki, basi na sisi tukalizoea. Alilipata utotoni, wakati akitunza gololi zake ndani ya kopo la maziwa. Kila alipotoka alifunga uzi juu ya kopo, uzi mwembamba aliouchomoa kwenye shuka, ili akirudi ajue kama kuna mkono ulioingia. Siku moja akakuta uzi umekatika. Alituhoji wote, mmoja mmoja, akatunusa mpaka vidole. Jioni yake panya akatoka chini ya kitanda, kipande cha uzi kimemnasa mguuni. Komeo hakumwomba mtu radhi. Alisema tu kwamba panya yule ametumwa.

Ukubwani akawa fundi redio. Kibanda chake kiko uani, nyuma ya nyumba yake, na ukiingia utadhani umeingia jela ya vyombo. Bisibisi zimefungwa mnyororo. Kila droo ina kitasa. Stuli ya wateja imepigiliwa misumari sakafuni asije mtu akaondoka nayo, ingawa stuli yenyewe imechoka, hata ukiiweka barabarani watu wataikwepa tu. Ukimpelekea redio, siku ya kuichukua atakuuliza maswali mpaka uanze kujishuku, pengine kweli si yako.

Nayasema haya nikijua ni ndugu yangu wa tumbo moja, na sitaki mtu amwone mbaya. Mume wangu alipofariki, Komeo ndiye aliyekuja kunijengea upya mdomo wa tanuri, bila kuombwa na bila kusema neno. Mimi naoka mikate. Nikishasali alfajiri nawasha kuni, na maisha yangu yako hapo, kati ya tanuri na dirisha la kuuzia. Kitasa cha mlango wa nyuma alikiweka yeye, na ufunguo mmoja akabaki nao. "Kwa usalama wako, dada," alisema. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu wa namna hiyo.

Komeo na wenzake wana bendi ndogo ya kupiga kwenye harusi na sherehe. Yeye ndiye mtu wa mitambo: spika, nyaya na vinasa sauti. Anayepiga gitaa ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea mageti ambaye wote tunamwita Cheche. Cheche ni mtu wa maneno mengi na vicheko, shati lake lina matundu madogomadogo ya moto kama limeliwa na wadudu. Yeye ndiye aliyemlea wifi yangu baada ya wazazi wao kufariki, kwa hiyo kwa wifi Cheche ni kaka na baba kwa pamoja.

Sasa, Komeo alitengeneza kisanduku. Ni kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu. Gitaa linachomekwa upande mmoja, spika upande wa pili, na sauti ikipita mle ndani inatoka imenenepa na kukwaruza, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ndiyo maana wakakiita Nyuki. Mimi sauti ile mwanzoni ilinitisha, lakini watu wakiisikia ukumbini wanainuka wenyewe kwenye viti. Na kilichomo ndani ndicho kilichompa Komeo kiburi. Zimo transista mbili, vijichuma vyenye kofia, vidogo kama vifungo vya shati, alizozitoa kwenye redio ya marehemu baba yetu. Redio nzima ilikuwa imeoza, zikabaki hizo mbili tu. Alisema za namna hiyo hazitengenezwi tena, na kwamba sauti ya Nyuki ni sauti ya redio ya baba.

Nyuki alilia vizuri kwa muda mrefu. Halafu siku moja wanapanga vyombo, Cheche akauliza, kama mtu anavyouliza bei ya viazi, "Shemeji, hizi transista zako mtu akizitaka anazipata wapi?"

Komeo akaendelea kukunja nyaya. Lakini neno hilo lilimwingia, likakaa.

Jumamosi iliyofuata, Nyuki akaanza kukohoa. Katikati ya wimbo wa kwanza sauti ikawa inakatika, inatoka vipandevipande kama mtu anayeongea huku anatafuna, halafu ikafifia kabisa. Cheche akapiga muziki uliobaki bila Nyuki. Watu walicheza, lakini Komeo alisimama nyuma ya spika bila kupepesa macho.

Kesho yake alikifungua kisanduku mezani kwake. Alibadilisha betri. Alibadilisha nyaya. Alilehemu upya kila kiungo, akagonga kila kitu kwa kijiti cha mti akisikiliza kama kuna kilicholegea. Akachomeka gitaa, akapiga. Nyuki akalia kama siku aliyozaliwa. Akakizima, akakiwasha, akakitingisha, akakikanyaga kwa hasira, kikalia vilevile. Jumamosi nyingine wakaenda kwenye sherehe, Cheche akaweka mguu, kikakohoa.

Hapo Komeo akapata jibu lake. Kwake kinaimba, kwa shemeji kinakohoa. Tofauti ni mguu.

Alikuja kwangu katikati ya wiki, akasimama karibu na meza ya kukandia huku akitazama mlango.

"Dada, nikikuambia jambo utalifunga?"

"Nitalifunga."

"Lifunge kweli. Kuna mtu anamfungua Nyuki."

"Umemwona?"

"Mtu wa hivyo huwezi kumwona. Nimemtega." Akasogea karibu. "Niliweka muhuri. Tone la nta juu ya kila skrubu. Jumamosi mchana lilikuwa duara safi, kama kifungo. Kufika ukumbini nakuta nta imeyeyuka, imetiririka mpaka pembeni. Na kisanduku kina joto. Joto, dada, kama kimetoka kulehemiwa sasa hivi. Mkokoteni wenye vyombo aliuvuta yeye, mimi niliingia ndani kubadilisha shati. Sasa niambie, kati yetu sote, nani anashinda na moto?"

Nikajinyooshea kidole mwenyewe. Hakucheka.

"Wewe ni wa mikate," alisema. "Nasema moto wa vyuma."

"Sasa anakifungua ili iweje?"

"Anachokonoa transista za baba. Anatafuta namna ya kuweka mbovu na kuchukua nzima. Si aliuliza mwenyewe?"

"Kabla ya hapo ulikuwa umekiweka wapi?"

"Mahali pasipofikika."

"Wapi?"

"Dada, nikishakuambia, hapo hapatakuwa tena mahali pasipofikika."

Aliposema nta, nilishtuka, kwa sababu na mimi nilikuwa na nta yangu. Nyuma ya tanuri kuna kabati la mbao lililoegemea matofali, ndimo ninamoweka trei za donge liumuke. Siku chache kabla, nikifagia humo, nilikuta matone yaliyoganda chini. Yalikuwa ya buluu, na mimi tangu nizaliwe sijanunua mshumaa wa buluu wala sijauona dukani. Nilijua mara moja, au nilidhani najua, kwamba kuna mtu anaingia na kunifanyia mambo ya giza ili mikate isinunuliwe. Niliyakwangua kwa kisu, nikapaosha kwa maji ya chumvi, nikasali nikiwa nimeweka mkono juu ya mlango wa kabati. Na nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni mama muuza chai wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa alikuwa amesema, akicheka, "Mikate yako siku hizi inaumuka mno, dada, unaipa nini?"

"Nta yako ya namna gani?" nikamuuliza Komeo.

"Ya namna yangu. Ina alama ambayo hakuna mtu anayeweza kuiiga. Hata wewe sikwambii."

Niliona haya kumwambia kwamba mimi, mtu wa sala, naogopa matone ya mshumaa. Tukakaa pale ndugu wawili, kila mmoja na nta yake moyoni, akachukua mkate wake wa moto akaondoka.

Siku iliyofuata akaja wifi. Hakukaa.

"Wifi, mdogo wako ataniua kwa mawazo. Halali. Anageuka huku na huku anasema, moto wa vyuma, moto wa vyuma. Nimemuuliza ana nini, ananiambia nimuulize kaka yangu."

"Mvumilie kidogo."

"Nimemvumilia alipokuwa anapima sukari kwa alama ya kalamu kwenye kopo. Nimemvumilia alipomshuku mwalimu wa watoto. Lakini Jumamosi hii amesema atamwambia kaka mbele ya bendi nzima afungue mkoba wake wa kazi, kisha atoke kwenye bendi. Mimi sipigi kelele, wifi, unanijua. Siku atakapomwita kaka yangu mwizi mbele ya watu, ninaondoka na kaka yangu. Begi liko tayari chini ya kitanda."

"Msitiri mume wako."

"Nimemsitiri tangu harusi," alisema. "Hili ni la damu yangu."

Alimaanisha. Wifi yangu si mtu wa kutishia, akisema anafua, anafua. Usingizi ukanihama na mimi.

Na lilikuwepo jambo lingine ambalo sikumwambia. Jumamosi iliyopita, nikiwa dirishani nauza, nilimwona Komeo akitoka kwa mlango wangu wa nyuma, ameubana mkoba kwapani na kuinamisha kichwa kama aliyetoka kuiba. Hakuja kunisalimia. Nilikwenda kutazama trei zangu, mikate yote ipo. Mungu anisamehe, nilifikiri labda ana mtu anakutana naye kwa siri, na chumba changu ndicho kichochoro chao. Ndipo nikawa namshuku yeye, naye anamshuku Cheche, na wifi anatushuku sisi sote ukoo mzima.

Jumamosi ikafika. Jumamosi naoka mara mbili, asubuhi na tena alasiri, kwa sababu ya wateja wa kesho yake. Mchana moto unakuwa umelala, nikishasali nauwasha upya. Siku hiyo niliukoleza zaidi, nilikuwa nafanya kazi kwa hasira. Nilipofungua kabati kutoa trei ya mwisho, ikagoma. Kitu kilikuwa kimeisukuma kutoka nyuma, kule kwenye matofali yenyewe, mahali ambapo mimi siweki kitu kabisa kwa sababu donge huiva kabla ya kufika ndani ya tanuri.

Niliingiza mkono. Nikagusa sufu.

Nikavuta, ikaja mikono ya sweta. Ni sweta niliyomfumia Komeo mwenyewe, ya kijivu, yenye mshono uliokosewa begani. Ndani yake kulikuwa na kitu kizito, cha moto kiasi kwamba nilikishika kwa aproni. Nilipofunua, matone ya nta ya buluu yalikuwa yanateleza juu ya chuma kama machozi, mengine yamedondokea trei yangu.

Niliketi kwenye gunia la unga. Nilimshukuru Mungu, halafu nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka saa. Nikaziacha trei zilivyo, nikafunga dirisha la kuuzia wateja wakiwa bado wamesimama, nikaondoka na kisanduku kwenye sweta yake, mkononi nimeshika na ile trei yenye nta.

Nilipofika uani kwao nilikuta nimechelewa nusu. Bendi nzima imesimama kuzunguka mkokoteni. Wifi yuko mlangoni, begi liko miguuni pake. Cheche alikuwa amemwaga mkoba wake chini, vyote vimetapakaa vumbini: miwani nyeusi, vijiti vya kuchomelea, glovu. Na juu ya glovu, chuma cha kulehemu, kidogo, kipya.

Komeo alikuwa anakinyooshea kidole. "Hicho ni cha kuchomelea mageti?"

"Ni cha kulehemu waya wa gitaa langu," Cheche akasema. Hakuwa anacheka, na uso wake bila kicheko nilikuwa siujui. "Nimekinunua kwa sababu chako umekifunga mnyororo. Mtu akitaka kukiazima kwako inabidi alete mdhamini."

"Na transista? Uliuliza za nini?"

"Niliuliza ili nikutafutie za akiba, shemeji. Mbili za baba yako zikifa, Nyuki amekufa. Nilikuwa nakufikiria."

Mpiga ngoma akageuka akatazama ukuta. Wifi akainama, akashika mpini wa begi.

"Mdogo wangu," nikasema, "hiki chako?"

Komeo alipoona sweta, uso wake ulibadilika mara tatu. "Nani amekupa hicho?"

"Kabati langu."

"Nani amekutuma uingize mkono humo?"

"Ni kabati langu, Komeo. Nilikuwa natafuta mkate." Nikaweka kisanduku juu ya mkokoteni. "Mguse Nyuki wako. Mguse, hakuna aliyemfungua. Nimemtoa nyuma ya tanuri sasa hivi."

Akamgusa, akarudisha mkono haraka. Nikampa trei aone. Matone yalikuwa yameanza kuganda, buluu, kwenye bati lililozoea unga tu.

"Alama yako ni hii?" nikamuuliza.

Alitikisa kichwa kukubali, polepole. "Bluu ya kufulia nguo," alisema kwa sauti ndogo. "Niliichanganya na mshumaa, ili mtu asiweze kuiga."

"Mimi nilidhani ni uchawi," nikasema. Watu wakacheka kidogo, hata mpiga ngoma. Komeo hakucheka.

Alimwomba mmoja wao achomeke. Cheche hakusogea, kwa hiyo Komeo akalishika gitaa mwenyewe, akapiga. Nyuki akakohoa. Sauti ilitoka imekatikakatika, dhaifu, vilevile kama ukumbini, na hapakuwa na mguu wa Cheche juu yake wala mkono wa mtu yeyote ndani yake.

Tukakipeleka kivulini, kwenye sakafu yenye ubaridi karibu na pipa la maji, tukakaa kukitazama kama mgonjwa. Wifi bado ameshika begi. Kila baada ya muda Komeo alikigusa kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kilipokuwa baridi kabisa, akachomeka tena, akapiga.

Nyuki akajaa ua mzima. Watoto wa jirani wakapanda ukutani.

Komeo akazima. Akabaki ameinama juu ya gitaa. "Vichuma vya zamani haviwezi joto," alisema. "Hili nalijua. Nililijua tangu najifunza kazi. Vikipata joto vinavuja umeme, sauti inaanguka." Akajifuta uso. "Asubuhi za Jumamosi kila mtu anaingia kwangu kuchukua spika. Nikasema nikakifiche kwa dada, kule hakuna anayefika. Mchana matofali hayana kitu, ni vuguvugu tu. Sikujua unawasha tena alasiri."

"Ungeniuliza ningekuambia."

"Ningekuuliza, ungejua."

"Na hiyo Jumamosi ya kwanza, ndiyo uliyoanza kukificha?" Cheche aliuliza.

Komeo alilaza gitaa chini. "Ndiyo. Baada ya wewe kuuliza za transista."

Basi ikawa wazi kwa kila aliyekuwepo, hata kwangu nisiyejua umeme. Kisanduku kilikuwa kizima mpaka siku mwenyewe alipoanza kukilinda. Alikagua betri, nyaya, viungo na shemeji yake. Hakukagua mahali alipokificha.

"Kwa hiyo mwizi ni tanuri," Cheche akasema.

"Ni panya tena," nikasema mimi, na Komeo alijua ninasema nini.

Alisimama. Aliinama chini vumbini, akaanza kuokota vitu vya Cheche kimoja kimoja: miwani, vijiti, glovu, chuma cha kulehemu, akipangusa kila kimoja kwa shati lake safi la harusi kabla ya kukirudisha mkobani. Alipomaliza akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, nisamehe. Nimekukosea mbele ya watu, nasema mbele ya watu."

Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, na neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Cheche aliupokea mkoba. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Tutachelewa harusi ya watu," akashika mkokoteni. Komeo akamnyooshea Nyuki ambebee, Cheche akakataa kwa kichwa.

"Mbebe mwenyewe. Mimi ukinipa, nikipiga chafya tu utahesabu skrubu."

Wakaondoka hivyo, Cheche mbele anavuta, Komeo nyuma amemshika Nyuki mkononi, wazi, bila sweta, akimpepea kwa kofia yake njia nzima. Walisema baadaye kwamba usiku ule Nyuki alilia vizuri kupita siku zote. Mikate yangu iliyobaki kabatini iliharibika yote, na sikusikitika.

Wifi hakuondoka. Lakini begi halikurudi chini ya kitanda. Alilipandisha juu ya kabati la nguo, mahali ambapo mtu akiwa amelala analiona vizuri, na Komeo alilala akiliangalia kwa wiki nyingi. Kwa wiki hizo Cheche alikuja, akapiga, akaondoka, bila utani. Nyuki akawekwa dirishani kwenye kibanda, kivulini, bila muhuri wala kitambaa. Nilipita siku moja nikaona chuma cha kulehemu kimefunguliwa mnyororo, kimelala mezani kama mtu aliyetoka jela ambaye bado hajui aende wapi. Bisibisi bado zimefungwa. Nilisema namshukuru Mungu kwa hicho kimoja.

Na mimi nilivuka barabara, nikanunua chai kwa yule mama, nikaketi nayo mpaka ikapoa. Alishangaa, kwa sababu sijawahi kuketi kwake. Nilimwambia mikate inaumuka kwa sababu Jumamosi nawasha mara mbili, basi. Akasema, "Nilijua lazima kuna siri."

Leo asubuhi wifi alikuja kununua mikate mingi, kwa sababu leo Cheche na familia yake wanakula kwake na Komeo. Aliniagiza nimchagulie ile iliyoiva vizuri, tukaipanga pamoja ikiwa bado ya moto. Aliibeba kwenye lile begi lililokuwa juu ya kabati.